Nimeshika Injini kwa Kiganja Kitupu, Nje Nyuzi 31 Chini ya Sifuri!

Nimerudi sasa hivi! Koti sijavua, viatu vya theluji vinachuruzika maji sebuleni, mikono inanuka dizeli, na chai niliyomiminiwa imeshapoa mezani kwa sababu kukaa siwezi, naenda huku narudi kule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Rafiki yangu, nimeshika injini ya trekta! Kwa kiganja kitupu! Saa moja asubuhi, giza bado limetanda, shambani nje kidogo ya Fargo, huku North Dakota, nyuzi 31 chini ya sifuri, baridi ya kugandisha kope, baridi ya kumfanya mbwa anyanyue miguu kwa zamu. Na injini ile iliyolala nje usiku kucha ilikuwa na joto! Wala si uvuguvugu wa kujipa moyo. Joto la ubavu wa ng'ombe aliyelala, joto la chungu kilichoepuliwa punde, joto tamu, zito, tulivu, la kukufanya uongeze na mkono wa pili, halafu uegemeze shavu, na bado!

Tena nisingethubutu kama si fundi wetu, mtu wa Uvira, aliyenisimamia kichwani akicheka. "Tosha glavu, tia mukono hapa." Nikamtazama kama mtu aliyeniambia nitie mkono mzingani. Huku chuma cha nje hakishikwi hovyo. Ukikigusa kwa ngozi yenye unyevu kinakunasa, na ukijivuta kwa nguvu unakiachia ngozi. Nikavua glavu kidole kimoja kimoja. Nikafumba macho. Nikagusa. Nikapiga ukelele mpaka mbwa wa shamba akaja kuona kumetokea nini!

Kisa chote ni hita ya injini. Kidude cha kuenea mkononi, waya mmoja, plagi moja. Na wewe uliyeko huku kwenye theluji, Fargo, Moorhead au kule Winnipeg, wewe uliyenunua katrekta kako ka kusukumia theluji ukidhani umemaliza, lazima, lazima, lazima uipate. Lakini ngoja kwanza! Usikimbilie dukani ukachukua ya kwanza inayong'aa, maana ziko za aina nyingi, na mimi wikendi hii nimezishika, nimezisikiliza, nimezinusa, na nyingine nimezikasirikia. Kaa hapa nikusimulie.

Mimi ni mtoto wa Njombe. Baridi ya mwezi wa Juni naijua, ile ya kuamka ukakuta nyasi zimevaa barafu nyembamba na watu wameota moto wa mkaa hadi saa nne. Nilidhani hiyo ndiyo baridi. Jamani! Njombe ni mzaha! Huku pumzi inagandia kwenye ndevu, theluji inalia chini ya kiatu kama unakanyaga maboksi makavu, na mzee mwenye shamba akaniambia kitu nikadhani ananitania: ikifika 40 chini ya sifuri, hakuna haja ya kuuliza ni Selsiasi au Farenhaiti, hapo vipimo viwili vinakutana na ni baridi ile ile. Yaani hata hesabu zimeganda!

Ijumaa jioni nilipofika alinipeleka uani. Matrekta matatu yamejipanga kwenye ukuta wa ghala: Massey Ferguson dogo jekundu, kikongwe, sura ile ile tunayoijua sote tuliokulia karibu na mashamba ya nyumbani, la pili kubwa, la kubebea marobota ya nyasi za ng'ombe, na la tatu la saizi ya kati, la kusukumia theluji, ambalo peke yake lilikuwa halina hita ya aina yoyote. Mzee akapanda hilo la tatu, akazungusha ufunguo ili nisikie. Rafiki, sauti ile! Stata ya kwetu asubuhi inaimba, nya-nya-nya-nya, hata kama betri imechoka inaimba. Hii ilisema ngoo… ngoo… ngo… kama mtu anayepandisha gunia la mahindi ghorofani, halafu tk. Kimya. Nikasikia huruma kabisa, nikataka kulifunika blanketi!

Fundi akanieleza palepale huku akiruka-ruka ili miguu isigande. Baridi inakupiga mara tatu kwa mpigo mmoja. Oili inakuwa nzito kama asali ya jana, kwa hiyo pistoni zinasukumana na matope. Betri nayo inasinyaa, nguvu zake zinashuka vibaya wakati ule ule stata inapohitaji nguvu zaidi. Na dizeli, unajua, haina plagi ya cheche, inategemea hewa ibanwe ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Sasa chuma kilicholala kwenye baridi hiyo kinakunywa joto lote kabla halijafanya kazi! Unazungusha, unazungusha, unatoa moshi mweupe, unaua betri, unaingia ndani kunywa kahawa na kununa.

"Na etha ya kopo je?" nikauliza, maana nimeona watu wakiipulizia kwenye hewa inayoingia injini, ikawaka mara moja kwa mshindo. Fundi alinikazia macho. Injini yenye plagi za kupasha silinda, au yenye koili ya kupasha hewa inayoingia, ukiipulizia etha inaweza kulipuka kabla ya wakati wake, ukavunja pistoni, ukajuta. Dawa ni kuipasha joto polepole, kwa adabu, kabla hujaigusa stata. Nikasema basi nionyeshe!

Tukaanza na hita ya sumaku, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote na mimi kwa mambo rahisi sijambo. Weee! Kidude kizito chenye mkono wa kushikia kama pasi ndogo. Unakisogeza chini ya sampu ya oili, na kabla hujafika, chenyewe kinaruka: TAP! Kimenasa! Nikakibandua, nikakirudisha, TAP! Nikakibandua tena kwa sababu raha ile ya kunaswa ni ya kitoto kabisa, na fundi akaanza kuguna. Halafu ukishachomeka umeme usikichezee, kinakuwa cha moto wa kuunguza, si cha mzaha. Usiku ule tukakiacha chini ya Massey, na asubuhi ya Jumamosi nikachomoa stiki ya kupimia oili. Usiku ilikuwa imetoka na oili imening'inia kama lami, haidondoki. Asubuhi inadondoka! Tone, tone, tone, nyembamba, nyororo, inayong'aa kwenye mwanga wa tochi. Nilitaka kulia!

Lakini. Nikapeleka mkono juu, kwenye silinda hedi. Barafu tupu. Chini jikoni, juu friji! Massey likawaka, ndiyo, lakini kwa manung'uniko, likatoa wingu la moshi mweupe mpaka ghala likapotea, likatetemeka kama mtu mwenye homa, likatulia baada ya dakika kadhaa. Na kingine: jioni nilikuwa nimejaribu kuibandika sumaku ile kwenye sampu ya gari langu mwenyewe, nikaisukumiza kwa mbwembwe zote, ikateleza ikaanguka puu ndani ya theluji. Sampu ni ya aluminiamu! Sumaku haijui aluminiamu, haina habari nayo. Kwa hiyo rafiki, kabla hujanunua, chukua hata sumaku ya mlango wa friji ukajaribu kwanza chini ya trekta lako. Ikinasa, haya. Isiponasa, ziko zile za kubandika kwa gundi, pedi laini kama ulimi, lakini hizo zinataka chuma kisafi kilichosuguliwa mpaka king'ae. Sumaku nimeipenda kama mgeni mchangamfu. Mwenye nyumba hajafika bado.

Ya mpira wa chini wa rejeta nitaipitia haraka, maana niliiona kwa jirani tu, tulipoenda kuazima koleo. Unakata ule mpira wa chini, unaipachika katikati, unakaza klampu mbili, kwisha. Nzuri kwa trekta kuukuu ambalo huwezi kupata mahali pengine pa kuingilia. Nikaigusa, ina joto. Nikaigusa injini, ina joto la kusitasita. Maji ya pale chini hayana haraka ya kupanda. Jirani anaipenda na mimi sitaki ugomvi na jirani wa mtu.

Sasa njoo kwenye lile trekta kubwa la marobota! Hapa nilisimama nusu saa nzima nikiwa nimeinama, mgongo unauma, sitaki kuondoka. Lina hita ya kopo. Kopo la chuma limefungwa ubavuni, chini kabisa, mpira mmoja unaingia kutoka chini ya bloku, mwingine unatoka juu unakwenda juu ya injini. Halina pampu, halina feni, hamna kinachozunguka. Na maji yanatembea! Yenyewe! Weka sikio karibu: glup… glup-glup… glup, kama birika la kahawa ya kijiweni, kama mzee anakoroma baada ya pilau. Maji ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake, yanapashwa, yanapanda, na bado! Nikashika mpira wa chini, baridi. Nikashika wa juu, moto! Chini, baridi, juu, moto! Nilifanya hivyo mara kumi kama mtoto anayewasha na kuzima taa.

Lakini kopo hili lina maringo yake. Linataka kuwekwa chini, wima, mipira ipande bila kujipinda kama utumbo. Ukiliweka juujuu tu kwa sababu ndipo bolti ilipopatikana, linanuna, maji hayatembei, linachemka peke yake mpaka linaungua. Ziko pia zenye kapampu kadogo ndani, hizo hazikoromi, zinanong'ona tu, na zinasambaza joto sawasawa mbele na nyuma, maridadi kabisa, ila mfuko wako lazima uwe tayari. Na unajua nini kilichonitoa machozi? Mzee alifungua ufunguo kidogo tu, bila kuwasha, na mshale wa joto kwenye dashibodi ukainuka! Injini imezimwa! Imelala! Mshale unainuka kama mtu aliyefungua jicho moja kukuangalia!

Nikamwambia fundi, basi, nimepata, ni hii. Akatabasamu tu. Akaninyooshea kiboksi kidogo.

Ndani yake kipo kile ambacho sasa sipumui bila kukitaja: hita ya kuingia ndani ya bloku. Rafiki, ni kadogo! Nilitegemea mtambo, nikakuta kitu kama kijiko kilichopinda, kibomba chembamba cha kung'aa, kimekaa juu ya kifuniko cha duara, na mkia wa waya. Nikakigeuza, nikakizungusha, nikauliza, "Hii? Hii ndiyo itapasha lile jitu?" Ilikuwa kama kuambiwa punje moja ya pilipili itakolea sufuria la harusi. Na kumbe ndivyo!

Tulilikokota trekta la theluji hadi gereji ya mzee, yenye tanuri linalonguruma, nikavua koti kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Injini ya chuma, ukiitazama ubavuni, ina vizibo vya duara, kama sarafu kubwa zilizogongelewa ndani. Fundi akamwaga kulanti kwenye beseni, ya kijani, tamu kwa harufu, na akaniagiza niweke beseni juu mbwa asifikie kwa kuwa ni sumu. Akakigonga kizibo kimoja upande mmoja kwa nyundo na patasi butu, ta! ta! kikageuka kama mlango, akakinasa kwa koleo, akakivuta: plop! Maji ya kutu yakamrukia kifuani. Akasugua tundu kwa msasa mpaka likalainika, kidole kikipita hakikwami. Akapaka grisi kwenye ringi ya mpira. Akaingiza hita polepole, akaizungusha huku ameinamisha kichwa anasikiliza, kwa sababu kile kijiko hakitakiwi kugusa ukuta wa chuma ndani, lazima kielee katikati ya maji. Akakaza skrubu. Akapumua. Nami nikapumua!

Kisha uvumilivu, na hapa usinifanyie haraka. Ukishajaza kulanti, washa injini kwanza, iache izunguke, hewa itoke yote. Hita hii haitaki kuona hewa. Ikichomekwa kwenye umeme haina maji yanayoizunguka inaungua upesi mno, pesa zako zimekwenda. Na kulanti yenyewe iwe ile ya nusu kwa nusu na maji, si maji matupu. Maji matupu huku yanageuka jiwe na kupasua bloku.

Tukalirudisha trekta nje, kwenye baridi ile ile, mahali pale pale. Usiku mtulivu, nyota zimejaa tele, theluji ya bluu. Nikainua plagi. Nikachomeka. Na nikasikia!

Shiiiiiiiii…

Sauti ya sufuria la chai ya wageni linapoanza kukumbuka moto! Kutoka ndani ya chuma! Ndivyo wenyeji wanavyopima: huhitaji taa wala kioo, tega sikio ubavuni, ukisikia kunong'ona huko, ujue inafanya kazi. Nilitega sikio mpaka sikio likafa ganzi. Fundi akanivuta kwa koti tuingie ndani.

Ndani, juu ya supu, ndipo nilipoambiwa kwamba nimekaa kwenye chimbuko la mambo! Enzi za zamani wakulima wa huku walikuwa wanamwaga oili jioni, wanaiingiza ndani na kuiweka karibu na jiko, asubuhi wanairudisha ya moto. Wengine walisukumia beseni la makaa chini ya injini, wakaomba Mungu ghala lisiungue. Sasa kule Grand Forks, kilomita kama 130 kaskazini yetu, mwendo wa saa moja na dakika chache tu, alikuwepo Andrew Freeman, meneja wa ushirika wa umeme, na yeye ndiye aliyepewa hataza ya Marekani ya hita ya injini mwaka 1949. Ya kwanza kabisa ilichukua nafasi ya bolti moja ya silinda hedi! Unang'oa bolti, unaweka bolti yenye moto ndani. Mtu wa umeme na mtu wa baridi wakakutana kwenye kichwa kimoja! Ndiyo maana ukienda maegesho ya mjini hapa utaona magari yana plagi zinaning'inia puani kama ng'ombe wenye kamba, na ukutani soketi zinasubiri. Nilipofika Marekani nilidhani yote ni ya umeme. Nilimsimulia hadi shemeji yangu Iringa! Aibu tupu!

Sikuiacha ikiwaka usiku kucha, na hili nalo nilikuwa silijui. Mzee ana taima, kisanduku cha kuzungusha kwa kidole, krr-krr-krr, akakitega kizime kisha kiwashe saa tisa usiku. Saa nne za kupasha zinatosha kwa trekta la ukubwa ule. Baada ya hapo injini imeshashiba, unapasha anga la North Dakota na kulilipia mwenyewe. Na waya wa ekstensheni, tafadhali sana, usilete ule mwembamba wa kuchajia simu! Chukua mnene, mfupi kadiri iwezekanavyo, wa kutumika nje, unyooshe wote, usiuache umejikunja kama nyoka. Kipimo changu ni cha mkono: baada ya nusu saa shika pale plagi inapokutana na waya. Baridi? Vizuri. Ina joto? Waya wako ni mwembamba, chomoa kabla hujaita zima moto.

Jumapili saa moja asubuhi. Mkono umeshajua. Shavu limeshajua. Nikapanda kitini, kiti kigumu kama ubao, nikasema bismillahi, na kabla sijaimaliza, likawaka! Mzunguko mmoja! Mmoja! Vrumm, safi, laini, mviringo, bila kikohozi, bila lile wingu, kamoshi kadogo tu ka heshima, kisha utulivu. Yaani kama limelala Dar es Salaam Kariakoo na si kwenye theluji! Nikashusha mkono kwenye tundu la hewa ya kibini: dakika chache, pumzi ya joto usoni. Kwenye Massey jana nilisubiri mpaka nikasahau nasubiri nini. Nikafurahi, nikaingiza gia, nikaondoka kwa madaha yote, nikasikia mzee anapiga kelele nyuma. Nikapunga mkono. Akazidi kupiga kelele. Nikageuka: ekstensheni yote inanifuata kwenye theluji kama mkia wa kishada! Sikuchomoa! Fundi alianguka chini kwa kicheko. Mzee akasema kila mtu huku hufanya hivyo mara moja, na wenye bahati mara moja tu. Sasa natundika glavu moja kwenye plagi; mkono mtupu ukikutana na usukani unakumbuka upesi.

Haya, usije ukanilaumu kwamba nimekuficha mengine. Hita ya bloku inapasha maji na chuma, haipashi dizeli iliyo tangini. Dizeli ya kiangazi kwenye baridi kama hii inatoa nta, inakuwa nyeupe kama mafuta ya nazi ya Desemba ya huku, inaziba filta, na injini yako ya moto inawaka vizuri, inatembea kidogo, inazima. Uchungu gani huo! Weka dizeli ya majira ya baridi mapema, kabla baridi haijabisha hodi. Betri nayo ina blanketi lake la umeme, ivalishe. Na upepo! Upepo hauwezi kukishusha chuma chini ya baridi ya hewa yenyewe, lakini unakipora joto lote unalolinunua, kwa hiyo egesha nyuma ya ukuta, au tundika turubai mbele ya rejeta na ulitoe kabla ya kwenda kazini. Oili chini kwenye sampu inabaki na uzito kiasi, na hapo ndipo ile sumaku yangu ya TAP! inaporudi kwa vifijo: bloku kwa maji, sumaku kwa oili, wawili hao wakikaa pamoja ni ndoa ya kheri!

Basi ukiniuliza uchague ipi, sikuulizi una trekta la nguvu ngapi, nakuuliza mkono wako unafika wapi. Kizibo cha bloku kinafikika? Ingia ndani, usifikirie mara mbili, na uhakikishe hita ni ya injini yako hasa, maana vizibo vinatofautiana. Kimefichwa nyuma ya pampu na mabomba? Weka kopo, chini, wima. Trekta ni la kuazima, au unahamahama? Sumaku mkobani. Lakini kila unapoweza, kwanza pasha maji yanayozunguka injini nzima, maana maji ndiyo yanayolifikisha joto kule mkono wako usikofika.

Na kuna jambo nimelibania mpaka sasa, kwa makusudi. Pale shambani yuko paka wa ghalani, mzee, ncha za masikio yote mawili zimekatwa na baridi za miaka iliyopita. Ijumaa usiku nilimwona chini ya Massey, ananusa sumaku. Akakaa kidogo, akaondoka. Jumamosi jioni alikuwa amejibanza kwenye lile kopo linalokoroma, kwa muda. Jumapili, kabla hatujagusa kitu, fundi alipiga boneti ya trekta la theluji kwa ngumi mara tatu, dum dum dum. Huku lazima upige, kila siku, kila injini yenye joto. Nikauliza anabisha hodi kwa nani.

Akafungua boneti. Juu ya injini, katikati kabisa, amejikunja mviringo kama chapati iliyokunjwa kwenye kitambaa, yuko paka. Akainua kichwa. Akatutazama sisi wawili, barafu kwenye ndevu, jinsi mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekuja kabla ya alfajiri. Akajinyoosha mguu mmoja, akajinyoosha wa pili, bila haraka hata kidogo. Halafu akashuka, na pale alipotoka ndipo fundi aliponiambia nitie mkono.